Barua kwa mwanangu: uzito wa Yokozuna

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa Salum,

Ujumbe wako niliusoma jana asubuhi nilipotoka zamu ya usiku, nikausoma tena baada ya kulala kidogo, ndipo nikaona kwamba hauwezi kujibiwa kwa simu. Unasema ulikuwa unatazama mieleka na wenzako huko Mwanza, mmoja wao akakuonyesha picha za ukoo wa mwanamieleka Roman Reigns, na katikati yake ukamwona bonge la mtu aliyefunga nywele kisogoni, ukakumbuka kwamba ndiye Yokozuna ambaye mimi na mjomba wako hatuachi kumtaja. Ukauliza kwa adabu, ila bila kupindisha: "Mama, huyu alikuwa anaigiza tu, tena nasikia alikufa kwa unene. Mbona mnamzungumza kama marehemu wa nyumbani?"

Nitakujibu kama mtu aliyemtazama kwa miaka mitatu, akiwa amekaa kwenye benchi la mbao lisilo na egemeo. Huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, wenzetu wa Zanzibar ndio waliotutangulia kwa miaka ishirini. Kwa hiyo mieleka tuliipata kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyesha video. Mjomba wako ndiye aliyekuwa akiendesha deki katika kibanda kimoja hapa hapa Magomeni, na mimi, msichana wa miaka kumi na sita, niliingia bure kwa sharti la kukaa nyuma karibu naye na kutomwambia bibi yako. Mikanda ya video ilifika ikiwa imechelewa na imechoka. Pambano lililopiganwa Aprili tuliliona mwaka unapokaribia kwisha, hivyo tulishangilia ubingwa wa mtu ambaye huko kwao alikwisha kuupoteza na kuurudisha.

Jina lake halisi ni Rodney Anoa'i. Alizaliwa mwaka 1966 mjini San Francisco, Marekani, katika ukoo wa Kisamoa ambao mieleka kwao ni kama uvuvi kwa watu wa Mafia. Alifundwa humo humo na ndugu wawili wanamieleka, Afa na Sika, na huyo Sika ndiye baba mzazi wa Roman Reigns, kwa hiyo nyota wenu huyo ni ndugu yake wa karibu kabisa. Kabla ya kujulikana alipigana Mexico, Japani na Marekani kwa jina la Kokina. Mwaka 1992 kampuni ya mieleka ya WWF ya Marekani, inayoitwa WWE siku hizi, ikamchukua, ikamvika nguo za mcheza sumo, ikampa jina la Yokozuna, ambalo ndicho cheo cha juu kabisa katika sumo ya Wajapani, na ikamwekea meneja mzee aliyeitwa Mr. Fuji, mwenye bendera ya Japani mkononi na chumvi mfukoni. Sisi tuliamini yote. Baadaye sana nilisoma kwamba hata huyo Mr. Fuji alizaliwa Hawaii, nikacheka peke yangu ndani ya daladala. Na Januari 1993, wakati Msamoa wetu akijifanya yokozuna wa Kijapani huko Marekani, Wajapani wenyewe walimpa cheo hicho cha kweli Akebono, mzaliwa wa Hawaii, mgeni wa kwanza kukipata.

Yokozuna ndiye aliyekuwa adui. Unajua lugha ya vibanda: kuna steringi, yaani shujaa, na kuna adui, na steringi hafi. Yokozuna alituvurugia utaratibu huo. Tarehe 4 Aprili 1993, kwenye WrestleMania ya tisa, onyesho kubwa la kila mwaka la WWF, iliyofanyika uwanja wa wazi mjini Las Vegas, bingwa wa wakati huo Bret Hart alikuwa amekwisha kumkunja miguu, tukajua kazi imekwisha, mara Fuji akamrushia Bret chumvi machoni na ubingwa ukaenda kwa adui. Palepale Hulk Hogan, steringi mwenyewe, akaingia, chumvi ya pili ikampata Yokozuna mwenyewe, na Hogan akaondoka na mkanda wa ubingwa kabla hatujakaa vizuri. Kibanda kilipiga kelele hadi jirani akagonga bati. Lakini Juni mwaka huo huo, mjini Dayton, Yokozuna alimpiga Hogan akaurudisha ubingwa wake, akakaa nao siku 280. Hogan hakuonekana tena kwenye maonyesho makubwa ya kampuni ile hadi mwaka 2002. Sisi watoto wa Magomeni hatukujua habari za mikataba. Tulijua tu kwamba steringi alipigwa na hakurudi.

Sasa nije kwenye neno lako la kuigiza, maana ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Silaha yake ya kumalizia iliitwa Banzai Drop. Mpinzani akishalala chali kwenye kona, yeye alipanda kamba ya pili, akashika kamba za juu kwa mikono miwili, akatikisika mara mbili tatu, kisha akaruka na kumkalia kifuani. Alipoanza WWF alitangazwa kuwa na kilo 229, na baadaye zikapita 250. Ukifikiri hesabu hiyo, mtu hatoki pale akiwa na mbavu nzima. Usiku mmoja, wateja wakiwa wametoka na jenereta bado inanguruma, nilimwomba mjomba wako arudishe mkanda sehemu ile. Akaurudisha. Nikamwomba tena. Mara ya nne au ya tano nikaacha kutazama makalio yake nikatazama miguu, na ndipo nikaona: nyayo ndizo zilizotangulia kufika chini, moja huku na nyingine kule, magoti yakakunjika, na ule mlima wote ukabebwa na mapaja yake mwenyewe kabla ya kumgusa aliyelala. Uso wake ulikuwa umejaa hasira, lakini miguu ilikuwa na adabu. Nilimwambia mjomba wako, "Kaka, huyu hamkalii." Akanijibu kwamba nikisema hivyo mbele ya wateja nitamharibia biashara.

Sikusema. Lakini tangu usiku ule nilimtazama kwa jicho jingine, na niliposomea uuguzi nilimwelewa zaidi. Kumgeuza mgonjwa mzito kitandani bila kumuumiza na bila kuuvunja mgongo wako ni ujuzi unaochukua miaka, na mgonjwa mwenyewe hajui kwamba unautumia. Yule bwana alifanya kinyume chake kila usiku: yeye ndiye aliyekuwa mzigo, na ilimpasa kuwaangukia watu wepesi kuliko yeye mara mbili kisha wainuke wakale chakula cha usiku. Ukitaka kupima, tafuta tukio la tarehe 4 Julai 1993 juu ya meli ya Intrepid kule New York, ambako watu wenye misuli walijaribu mmoja baada ya mwingine kumnyanyua wakashindwa, kisha Lex Luger akateremka kutoka kwenye helikopta akambwaga. Mtu wa kilo zile hanyanyuliwi kama hakukubali kunyanyuliwa. Mwenyewe ndiye aliyeamua ni kwa nani atakuwa mwepesi. Bret Hart, ambaye alipigana naye sana na kuumizwa na wengine, amemsifu hadharani baada ya kustaafu. Hilo kwangu ni ushahidi kuliko mikanda yote.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, matokeo yalipangwa. Uzito haukupangwa.

Na uzito ndio unaonipeleka kwenye nusu ya pili ya swali lako, ambayo naomba usiirudie kwa namna ulivyoiandika. Usiseme kwamba alikufa kwa unene kana kwamba ni uzembe wake. Unene ule ndio uliokuwa kazi. Alipotoka kilo 229 kuelekea 260 hakuna tangazo lililomwita mgonjwa. Kila kilo iliyoongezeka ilitajwa kwa sauti ya kujivunia, na sisi kwenye benchi tulipiga makofi. Mwaka 1994 pale Madison Square Garden alipoteza ubingwa kwa Bret Hart kwa kupanda kamba, kuyumba na kuanguka chali. Tulicheka. Mwaka 1995 akawa bingwa wa wawili wawili pamoja na Owen Hart, ambaye naye ni marehemu, na tayari alikuwa akisimama nje ya kamba muda mrefu kuliko alivyokuwa ndani. Mwaka 1996 wakamgeuza kuwa mtu mwema, na kwa mara ya kwanza tukamsikia akizungumza, Kiingereza cha kawaida kabisa cha Kimarekani, kama mtu anayeuliza bei ya viazi. Sisi tuliomjua kwa neno "Banzai" tu tulitazamana.

Mwezi Agosti mwaka huo, mjini Cleveland, alipambana na Steve Austin. Akapanda kona kufanya Banzai, na kamba ikakatika. Huo nao ulikuwa mpango, Salum. Kuna mtu alikaa kwenye kiti akafikiri kwamba hilo ndilo litakalochekesha. Mjomba wako anao mkanda huo na hadi leo sitaki kuutazama. Mwishoni mwa mwaka alitoweka kwenye maonyesho makubwa. Walitaka apungue, wakampeleka kwenye programu ya kupunguza uzito, lakini mwili ambao miaka minne mfululizo umelipwa ili ukue hausikii amri ya kurudi kama gari linavyosikia gia. Aliendelea kupigana katika kumbi ndogo ndogo, kwani ndicho alichokijua tangu utotoni.

Alifariki tarehe 23 Oktoba 2000 katika chumba cha hoteli mjini Liverpool, Uingereza, akiwa safarini kwa kazi hiyo hiyo. Alikuwa na miaka 34. Kilichoripotiwa ni maji kujaa kwenye mapafu. Wewe unalisoma hilo kama maneno. Mimi nimewahudumia wagonjwa wa namna hiyo. Hawawezi kulala chali. Huomba mto wa pili, kisha wa tatu, kisha huomba kukaa ukingoni mwa kitanda, na usiku ndio huwa mrefu zaidi. Sijui usiku wake ulikuwaje na sitautunga, ila nimekwisha kuona za wengine.

Wiki ile hapa nchini ilikuwa ya mwisho ya kampeni, uchaguzi ukiwa tarehe 29, magari ya matangazo yakipita Barabara ya Morogoro tangu asubuhi, na nilikuwa nina mimba yako. Habari ya kifo chake haikutufikia wakati huo. Ilifika wewe ukiwa umekwisha kuzaliwa, mjomba wako alikuja kukuona, akakupakata, akasema kwa sauti ya chini kana kwamba anataja mtu wa mtaani, "Yule wa chumvi amefariki." Sikulia, ingawa mjomba wako hupenda kusema nililia. Nilimuuliza alikuwa na miaka mingapi, na nilipoambiwa nikanyamaza, kwa sababu kwa jinsi tulivyomwona kwenye video tulidhani ni mtu mzima wa miaka hamsini. Alipomvua Bret Hart ubingwa kule Las Vegas alikuwa na miaka 26. Ni miwili tu zaidi ya yako.

Mwaka 2012 walimwingiza kwenye Ukumbi wa Heshima wa kampuni ile, na waliomtambulisha ni wale mapacha, Usos, watoto wa mwanamieleka Rikishi, damu yake mwenyewe. Nilifurahi, ingawa yeye hakuwepo kusikia.

Ukipata nafasi, tafuta lile pambano la Las Vegas ulitazame peke yako, bila wenzako wa kukuchekesha, kisha utafute Banzai yoyote ya mwaka 1993. Usitazame uso wake. Tazama nyayo, urudishe, utazame tena. Halafu nipigie baada ya saa mbili usiku, leo sina zamu. Mjomba wako naye atakuwa hapa, na amekwisha kuniambia kwamba hakubaliani nami kuhusu kamba ile ya Cleveland.

Wako akupendaye,
Mama