Rafiki ripota kaandika niliyomwambia tukila mihogo

Pole dada. Unashona mavazi ya jukwaani, yeye ni ripota, urafiki wa miaka 22. Leo malalamiko ya posho za kundi lenu kuchelewa, uliyomnong'oneza, yametoka gazetini. Jina lako halipo, lakini chumba cha mavazi mko wanne tu. Nani asiyejua?

Nimekaa chumba cha habari muda mrefu. Kwetu "hili si la kuandika" husemwa kabla, si baada, na wewe hukusema. Hata hivyo kosa kubwa ni lake: hakutoa kalamu wala kinasa sauti, alikuwa anachovya mhogo kwenye pilipili kama siku zote. Angekuuliza.

Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa 1995, husuluhisha malalamiko kama haya bila mahakama. Mimi nisingeanzia huko. Alichoandika ni kweli: posho zimechelewa, na wenzako wanazidai.

Mpigie, usitume meseji. Mwombe mambo ya kundi lenu awaachie ripota wenzake kuanzia sasa. Mhariri yeyote mwenye akili ataelewa, maana ripota hatakiwi kuandika habari za rafiki yake. Akikataa hilo, mihogo kuleni, ila ya kazini usimwambie tena.