Kulinganisha hali mbili za jaribio katika picha za ubongo: ushauri kwa wanaoanza

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika kazi za wanaoanza kuchambua data za fMRI, yaani picha za mashine ya MRI zinazoonyesha shughuli za ubongo, ni hili: mtu hutengeneza ramani moja ya washiriki wanapotazama nyuso na nyingine wanapotazama nyumba, kisha akiona eneo fulani limevuka kizingiti cha takwimu katika ramani ya kwanza tu, huandika kwamba eneo hilo huitikia nyuso kuliko nyumba. Hitimisho hilo halina msingi. Kizingiti cha 3.1 kitazitenga thamani za t (kipimo cha takwimu cha nguvu ya mwitikio ukilinganishwa na kelele) za 3.2 na 2.9, ilhali tofauti yenyewe haijapimwa. Wala msidhani ni kosa la wageni peke yao, kwani mapitio ya Nieuwenhuis na wenzake ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba, kati ya makala 157 za sayansi ya neva ambamo lingeweza kutokea, takriban nusu zilikuwa nalo.

Ziwekeni hali zote mbili ndani ya modeli moja ya takwimu, kila hali na safu yake, kisha muipime tofauti moja kwa moja: nyuso zipewe uzani wa 1, nyumba -1, na jumla iwe sifuri. Mkiongeza viti na kutaka nyuso dhidi ya vyote viwili, andikeni 1, -0.5, -0.5. Kagueni kwanza mfuatano wa safu za modeli, kwa sababu mkipishanisha uzani programu haitawaonya. Itachora ramani ya swali ambalo hamkuliuliza.

Ramani ya tofauti ikishapatikana, kazi bado ipo, na hapa naomba subira yenu. Chukueni hesabu rahisi na hesabu ngumu. Sehemu ya nyuma ya gamba la singulati, eneo lililo katikati ya ubongo, kwa kawaida hushuka chini ya kiwango cha mapumziko mtu anapokazania kazi, kwa hiyo mkitoa ngumu kutoka kwa rahisi inaweza kujitokeza kwa nguvu, ingawa hakuna hali iliyoipandisha. Hesabu ngumu imeishusha zaidi, basi. Ndiyo maana kila tofauti iambatane na makadirio ya kila hali dhidi ya mapumziko. Makadirio hayo yachukuliwe katika eneo lililochaguliwa kwa data nyingine, kwa mfano jaribio fupi la awali kwa washiriki walewale, kwa kuwa vokseli (vijisehemu vidogo vinavyounda picha ya ubongo) zilizoteuliwa kwa sababu ya ukubwa wa tofauti yake zitaonyesha tofauti iliyokuzwa kupita kiasi.