Tazama Kitambulisho Changu, Usikipige Picha

Mwezi uliopita nilikuwa Nakuru kwa harusi ya binamu yangu, nikaingia supamaketi moja mjini kununua pasi na blenda ya zawadi. Kwa keshia nikachomeka kadi, nikabonyeza pini, mashine ikatoa risiti. Nikadhani tumemaliza. Yule dada akasema, "Naomba kitambulisho." Nikampa. Akakitazama, akanitazama, kisha akatoa simu yake mwenyewe mfukoni mwa aproni na kukilaza kitambulisho changu kwenye kaunta akipige picha.

Nikakifunika kwa kiganja.

"Mama, ni utaratibu tu," akaniambia, kwa adabu kabisa.

"Wa kutazama naujua, nimeufanya miaka mitatu. Huu wa picha ni wa nani?"

Akageuka kumtafuta msimamizi kwa macho. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna.

Kweli nimeufanya. Kuanzia 2011 hadi 2014 nilikuwa keshia katika duka moja la Kisumu, si mbali na Oginga Odinga Street. Kadi nyingi za siku hizo zilikuwa na mstari wa sumaku tu. Unaipitisha kwenye mashine kama mtu anayenoa kisu, karatasi inatoka, mteja anatia sahihi, basi. Pini ilikuwa ya ATM. Kwa hivyo aliyeokota kadi Kondele saa mbili asubuhi angeweza kuwa na televisheni kabla ya saa tatu, mradi ameiga sahihi iliyo mgongoni mwa kadi. Na sahihi hiyo nani aliikagua? Mimi nilikuwa na sekunde tano, na watu kumi mbele yangu wamekumbatia unga na mafuta ya kupikia.

Hapo kitambulisho kilikuwa na kazi ya kweli. Jina la kwenye kadi, jina la kwenye kitambulisho, uso ulio mbele yako: vitatu hivyo visipokubaliana, unamwita msimamizi. Amri ya duka letu ilikwenda mbali zaidi. Baada ya kutazama, tuliandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu ya mteja kwenye daftari kubwa la kurasa za mistari. Hakuna aliyetueleza sababu, nasi hatukuuliza.

Jumamosi moja alikuja mzee na matope ya Ahero kwenye viatu. Alichukua blanketi, beseni na nepi za watu wazima. Kadi aliyonipa ilikuwa na jina la mwanamke.

"Ni ya mama yenu," akasema. "Amelazwa pale Russia."

Wenyeji wa Kisumu mnajua kwamba Russia ni Hospitali ya Jaramogi. Nepi nilikuwa naziona. Lakini kitambulisho kilikuwa chake na kadi si yake, na msimamizi alikuwa amesimama mgongoni mwangu, nikakataa. Mzee hakugomba. Alisema tu, "Sawa, nyathina," yaani mwanangu, akaacha vitu pembeni ya kaunta. Nusu saa baadaye alirudi na noti mkononi. Alikuwa amekwenda ATM ya jirani kwa kadi ileile, akaweka pini aliyopewa na mkewe, akatoa pesa.

Nilihesabu noti zile huku uso ukiniwaka. ATM haikumuuliza kitambulisho. Kama angekuwa mwizi aliyeijua pini, angezitoa vilevile na asingehitaji hata kuja kwangu. Niliyemzuia kwa nusu saa alikuwa mume wa mgonjwa.

(Naam, benki zinakataza kumpa mtu mwingine pini yako, hata mume. Najua. Wewe ulale Russia wiki mbili kisha uniambie nani atakununulia sabuni.)

Kuna jambo jingine la kaunta ile ambalo sipendi kulisema. Amri ilikuwa tuulize kila mwenye kadi. Hatukuuliza kila mtu. Wenye suti na lafudhi za Nairobi walipita na tabasamu, wenye viatu vya matope tuliwaambia "kitambulisho tafadhali". Hakuna aliyetufundisha hivyo. Mkono ulijipeleka wenyewe.

Mwaka 2014 mabenki yetu yalikuwa yanabadilisha kadi kwa kasi, yanaleta zile za chipu. Chipu hutengeneza alama mpya kwa kila malipo, kwa hiyo kuinakili si rahisi kama mstari wa sumaku, na pini unaibonyeza mwenyewe dukani. Huko Marekani walichelewa, ila ilipofika Oktoba 2015 hasara ya kadi bandia ikaanza kumwangukia muuzaji ambaye hakuwa na mashine ya chipu, na Aprili 2018 makampuni makubwa ya kadi yakaacha kulazimisha sahihi. Hata hivyo bado utakutana na mgeni kule Dunga anayelipia samaki kwa kadi isiyoomba pini, mgongoni ameandika kwa Kiingereza kwamba muuzaji aulize kitambulisho. Mgeni kama huyo anafurahi ukimwomba pasipoti. Muombe.

Lakini mimi niliyebonyeza pini Nakuru, kitambulisho changu kinaongeza nini? Ukilipa kwa Lipa na M-Pesa hakuna keshia anayekuuliza wewe ni nani. Unaweka pini, ujumbe unaingia, unabeba mfuko wako. Wakala ndiye anayetaka kitambulisho, na ana haki, kwa sababu anakupa pesa taslimu ambazo hatazifuata tena. Kwa kawaida hata kanuni za Visa na Mastercard hazimruhusu muuzaji kukataa kadi halali kwa sababu tu mwenyewe ameacha kitambulisho nyumbani. Makeshia wengi hawajawahi kuambiwa hivyo. Mimi sikuambiwa.

Msimamo wangu basi ni huu. Kadi ikiomba sahihi, au ikigusishwa tu bila pini na bidhaa ni ya kuuzika haraka kama simu, duka liulize, na liulize kila mtu, mwenye suti na mwenye matope. Mteja akiweka pini, liache. Na kwa vyovyote vile litazame kwa macho na kurudisha. Lisiandike, wala kupiga picha.

Kuandika ndiko kunakonitia hofu kuliko kadi kupotea. Miaka kadhaa baada ya kuacha kazi nilinunua njugu za shilingi ishirini pale stendi ya Kisumu. Nilipomaliza nikaifungua ile karatasi, kama tunavyofanya sote tukiwa na muda wa kupoteza. Ilikuwa ukurasa wa daftari la mistari: majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu, na safu ya sahihi. Siwezi kuapa kwamba ulitoka dukani kwetu. Mwandiko haukuwa wangu. Lakini mpangilio wa safu niliujua kama ninavyoijua sebule yangu.

Kadi ikiibiwa unaifunga kwa simu moja na benki inakupa nyingine yenye nambari mpya. Nambari ya kitambulisho utazikwa nayo. Aliye nayo, pamoja na jina kamili na simu yako, ana pa kuanzia: anaweza kujaribu kusajili laini kwa jina lako, au kumpigia mhudumu akijifanya ni wewe uliyepoteza simu, arudishiwe laini yako. Laini ikishahamia kwake, ujumbe wa benki unaingia kwake. Dada yangu wa Kakamega aligundua laini mbili asizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilitokea daftari gani, kati ya yote aliyowahi kuandika kwenye milango ya majengo na maduka, hatutajua.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wako. Anayechukua taarifa zako anatakiwa akwambie anazichukulia nini, achukue zinazohitajika tu, na una haki ya kupinga. Huna haja ya kuitaja kwa ukali mbele ya keshia, maana yeye ametumwa. Uliza tu swali moja: "Hii picha itakaa wapi, na itafutwa lini?" Mara nyingi simu inarudi mfukoni. Wakishikilia kwamba lazima wabaki na kitu, toa nakala uliyoandika juu yake tarehe na jina la duka, mistari ipite juu ya maandishi ili isitumike kwingine.

Ya kadi yenyewe ni machache. Isiondoke machoni pako. Hotelini mwambie mhudumu alete mashine mezani, asiende nayo jikoni. Funika kwa kiganja unapobonyeza pini, hata kama aliye nyuma ni shemeji. Programu nyingi za benki zinakuwezesha kupunguza kiwango cha matumizi cha siku au kuzima malipo ya kugusa. Mimi yangu nimeyazima, nikitaka nayafungua. Weka ujumbe wa kila muamala uingie kwenye simu, na usiupuuze ule wa shilingi hamsini, kwa maana kuna wezi wanaoanza kwa kuonja. Kwa laini za Safaricom, piga *106# uone zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha *100*100# ili laini yako isihamishwe kwa njia ya simu tu.

Turudi Nakuru. Msimamizi alikuja, nikamwuliza lile swali langu, nikamtajia na zile laini za dada yangu, keshia akisikia. Akasema picha wanatuma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Kundi la watu wangapi? Akafikiri. Thelathini na kitu, akasema, na wengine walishaacha kazi. Alisema hivyo halafu akanyamaza, nafikiri alijisikia mwenyewe. Akanirudishia kitambulisho.

Nilipokuwa napanga vitu kwenye mfuko, yule keshia akainama kidogo. "Mama, hiyo ya kuangalia laini ni nyota ngapi?" Nikamwambia. Akaipiga chini ya kaunta, simu ikiwa juu ya mapaja. Zake alizijua mbili. Ujumbe ulikuwa na tatu. Aliusoma tena, midomo ikitamka tarakimu moja moja, na foleni wakati huo ilikuwa imefika kwenye friji za maziwa.