Mwalimu apewe muda kwanza: majibu kuhusu kufundisha kwa miradi

Tulifanya semina ya siku mbili kuhusu kufundisha kwa miradi, walimu wakafurahi. Mwezi haujaisha, wote wamerudi kwenye ubao na kunakili. Tulikosea wapi? (Mwalimu mkuu)

Semina haikubadilisha ratiba. Mwalimu alirudi akakuta vipindi vilevile na rundo lilelile la madaftari ya kusahihisha, na mradi, yaani kazi ya wiki kadhaa ambayo wanafunzi wanatafuta wenyewe jibu la swali, unadai maandalizi mengi kabla mwanafunzi hajashika kalamu. Tafuta saa moja kila wiki, iandikwe kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote, walimu waandae pamoja. Ukiwaambia wakutane "wakipata nafasi", hawatakutana.

Katika saa hiyo wasisomeane nadharia. Walete kazi za wanafunzi mezani. Nakumbuka kikao kimoja ambapo mwalimu wa sayansi alitandaza mabango matatu kuhusu maji, yamechorwa vizuri kweli. Mwenzake akayatazama kwa muda, kisha akauliza: "Hawa watoto walikuwa wanajibu swali gani?" Kimya. Walikuwa wamepewa mada tu: maji. Kabla kikao hakijaisha waliandika upya kwa pamoja: "Maji ya bomba la shule yetu ni salama kunywa, na tutajuaje?" Swali hilo huwezi kulijibu kwa kunakili kitabu. Mwalimu yule hakuhitaji semina nyingine. Alihitaji mwenzake mmoja na dakika arobaini.

Jambo moja zaidi: kabla ya kuwapa wanafunzi mradi, walimu waufanye wenyewe. Watagundua mapema palipo pagumu na vifaa vinavyokosekana.

Darasa langu lina wanafunzi 70. Inawezekana?

Inawezekana, ila usijaribu kuwa kila mahali. Vikundi vya watano vitakuwa 14. Kaa na vitano kila kipindi. Kufikia kipindi cha tatu utakuwa umevipitia vyote. Kila kikundi kiwe na daftari la mradi, na kipindi kikiisha kiandike mistari mitatu: tumefanya nini, tumekwama wapi, nani atafanya nini kipindi kijacho. Ukisoma ule mstari wa pili tu, unajua kesho uanzie wapi.

Silabasi itaisha lini, na mitihani inakuja?

Hofu hii ni ya haki, na shule isiibeze. Si kila mada inafaa kuwa mradi. Anza na moja kwa muhula, ya wiki mbili au tatu, na mradi uibebe mada yenyewe. Ukifundisha mada yote kisha ukaongeza mradi mwishoni, umelipa muda mara mbili. Na ndani ya mradi bado utasimama mbele ya darasa kueleza; kufundisha kwa miradi hakumnyamazishi mwalimu.

Wenzangu wanasema ni fasheni itakayopita.

Ina zaidi ya miaka 100. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule ya majaribio Chicago mwaka 1896, watoto wakajifunza kwa kupika, kushona na useremala. Mwaka 1918 William Heard Kilpatrick wa Columbia University akaandika makala iliyoeneza njia ya miradi. Lawama nayo ni ya zamani: mikono kushughulika huku akili imelala. Wenzako wakiitaja, wasikilize.

Mtoto mmoja anafanya kazi ya kikundi kizima. Alama nizigawe vipi?

Toa alama mbili: ya kazi ya kikundi, na ya maelezo ambayo kila mmoja anaandika peke yake.

Darasa langu lina kelele siku za mradi. Naogopa mwalimu mkuu akiingia.

Hapa nawaomba walimu wakuu: tangazeni mapema kwamba mradi wa kwanza hautatumika kumpima mwalimu. Mkiingia, msisimame mlangoni. Vuteni kiti, kaeni na kikundi kimoja, waulizeni wanatafuta jibu la swali gani. Wakiweza kuwaeleza, kelele hizo ni za kazi.