Wasomaji Wauliza: Bendera, Jukwaa na Utepe wa Kupimia

SWALI: Hapa Malindi Siku ya Mashujaa haipiti bila kandanda na mbio. Desturi hii ilianza wapi? Na sisi tunaoandaa mbio za kilomita 10 tupimeje njia? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Mizizi ni mingi, ila mmoja mnene uko Ujerumani. Mwaka 1811, Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ikiwa chini ya kivuli cha Napoleon, Friedrich Ludwig Jahn alifungua kiwanja cha mazoezi Hasenheide, Berlin, awakomaze vijana kwa ajili ya taifa. Fito sambamba za jimnastiki ya leo zilienea kutoka huko. Watawala waliingiwa na hofu, wakapiga marufuku mazoezi hayo kuanzia 1820 hadi 1842. Hata hivyo, tamasha la kwanza la wanajimnastiki wa Kijerumani lilifanyika Coburg mwaka 1860, miaka 11 kabla Ujerumani haijaungana! Prague nako chama cha jimnastiki cha Sokol, kilichoanzishwa 1862, kilikuza maonyesho ya halaiki.

Wagiriki walifungua Olimpiki ya 1896 tarehe 25 Machi kwa kalenda yao ya zamani, sikukuu yao ya uhuru. Marathoni, wazo la Mfaransa Michel Bréal, ilikuwa ya takriban kilomita 40. Alishinda Mgiriki Spyridon Louis. Zile kilomita 42.195 zilitoka London 1908: mbio zilianzia kasri la Windsor zikaishia mbele ya jukwaa la kifalme.

Jukwaa hilohilo ndilo huharibu mbio za mitaani. Mgeni rasmi akihamishiwa kivulini, utepe wa mwisho humfuata, na njia inapungua. Mbio za punda za Maulidi ya Lamu haziumii kwa hilo, kwani anayetangulia ndiye mshindi. Ninyi mnatangaza muda wa kila mkimbiaji, basi pimeni.

Tandazeni mita 300 kwa utepe wa chuma kwenye barabara iliyonyooka. Baiskeli yenye kihesabu mizunguko gurudumu la mbele ipite hapo, mjue mizunguko mingapi hufanya mita 300, mara 4 kabla ya kupima njia na mara 4 baadaye, maana jua huvimbisha tairi na hesabu hubadilika. Kwenye kona fuateni mkato mfupi kabisa, sentimita 30 kutoka ukingoni. Mkipita katikati ya barabara, wakimbiaji watawakatia. Ongezeni mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua, yaani njia yenu isomeke mita 10,010. Mwanzo na mwisho pigilieni misumari kwenye lami, na mwandike umbali wake kutoka nguzo ya umeme iliyo karibu. Jukwaa lijengwe baada ya hapo.