Glioblastoma: ni jeni tu au kuna kingine?

Ndugu, umeuliza kama glioblastoma, ile saratani kali ya ubongo, inakua kwa kasi vile sababu ya jeni peke yake, hapana aisee. Kweli jeni ya EGFR mara nyingi unakuta imejirudia nakala kibao, seli inapata amri ya kugawanyika muda wote, na jeni nyingine, PTEN, ambayo kazi yake ni kuizuia amri hiyo, nayo mara nyingi imepotea. Lakini watu wanasahau mgandamizo! Fuvu ni mfupa halitanuki, uvimbe ukikua mishipa ya damu inaminywa, oksijeni inapungua na seli zikikosa oksijeni ndo zinazidi kuwa kali. Halafu tishu ya pale inakuwa ngumu, na seli zinauhisi ule ugumu kupitia protini inaitwa PIEZO1, chukulia ni kimlango kwenye utando wa seli, ukivutwa kinafunguka kalsiamu inaingia, seli inachochewa kukua na kuifanya tishu iwe ngumu zaidi, inazunguka hivyo hivyo. Kuhusu uvimbe kurudi baada ya upasuaji, daktari anaweza kutoa uvimbe wote unaoonekana kwenye picha za MRI ila kuna seli zilishatambaa mbali zikifuata mishipa ya damu na nyuzi za neva, hizo kisu hakizifikii, na hapo ndo panaponiuma zaidi.