Ukitaka Winchi Kwenye Trela, Anza na Betri

Mtu akiniuliza kuhusu winchi ya trela, yaani mashine ya umeme inayovuta gari kwa kamba hadi juu ya trela, swali la kwanza huwa ni lile lile: inavuta tani ngapi? Natamani angeuliza kwanza moto, yaani umeme, utatoka wapi. Kazi yangu ni kuhamisha magari yaliyokufa hapa Nairobi, yatolewe mashambani Kitengela au uani kwa watu Rongai, yapelekwe gereji za Kariobangi na Industrial Area. Winchi nilizokuta zimeshindwa kazi, nyingi zilikuwa nzima kabisa. Umeme ndio haukuwa unazifikia.

Hesabu yenyewe ni fupi. Winchi ya volti 12 yenye uwezo wa paundi 5,000, yaani kama kilo 2,270, ikibanwa na mzigo hula ampea 200 hivi. Ile kubwa ya paundi 9,500 inayofungwa mbele ya Land Cruiser hupita ampea 300. Sasa fikiria umechukua moto kwenye betri ya gari linalovuta, ukapitisha waya wa milimita 6 za mraba hadi mbele ya trela, mita nane. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 16 za shaba. Ampea 200 zikipita humo, volti tisa na zaidi zinapotelea njiani na kugeuka joto. Winchi inabakiwa na volti tatu. Italia kidogo, inyamaze, na waya uanze kunuka. Weka waya wa milimita 35 za mraba kwa urefu ule ule, upotevu unashuka hadi volti moja na nusu. Hapo winchi inafanya kazi, ila umenunua shaba nyingi sana.

Ndiyo maana ushauri wangu ni betri ikae kwenye trela yenyewe, hatua moja kutoka kwa winchi. Waya wa milimita 35 wenye urefu wa mita moja kwenda na mita moja kurudi haupotezi hata robo ya volti. Trela inabaki na nguvu zake hata ikivutwa na gari la kuazima, na betri ya gari lako haiguswi, kwa hiyo hutaachwa Mlolongo usiku ukitafuta mtu wa kukupa jampa.

Betri ya ampea-saa 100 inatosha bila shida. Kupandisha gari moja huchukua dakika mbili au tatu za kuvuta kweli, na dakika tatu kwa ampea 200 ni ampea-saa 10 tu. Betri ya kawaida ya risasi na asidi inafaa kwa kuwa imezoea kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi. Ukiweza kununua ile iliyofungwa ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ndani, nunua, kwa sababu inavumilia mtikisiko wa barabara zetu. Za lithiamu zina mtego: nyingi zina saketi ya ulinzi inayokata umeme ukipita ampea 100, na itakata gari likiwa katikati ya mteremko. Kabla ya kulipa, soma kiwango hicho kwenye kibandiko chake.

Betri hiyo itachajiwaje? Hapa ndipo fundi wa waya atakapokuambia, “Boss, tuchukue moto hapa kwa soketi ya taa za trela.” Mkatalie kwa heshima. Soketi ile ya pini saba ni ya taa na indiketa. Nyaya zake ni nyembamba na fyuzi yake ni ndogo. Vuta waya mwingine kutoka kwenye betri ya gari, milimita 6 au 10 za mraba, wenye fyuzi karibu na betri hiyo, uishie kwenye plagi nzito nyuma ya gari. Kwenye trela weka chaja ya ampea 20 ya aina ya betri kwa betri, inayochukua umeme wa betri ya gari na kuichaji ile ya trela. Chaja hiyo inaweka kikomo kwa umeme inaochukua, kwa hiyo haiunguzi waya wala kuielemea altaneta, ile jenereta ya gari. Zile ampea-saa 10 zitarudi kwa muda usiozidi saa moja ya mwendo, na kwa foleni ya Mombasa Road jioni muda huo unaupata hata kama hukuutaka. Trela ikikaa wiki nyingi bila kazi, ichaji nyumbani kwa chaja ya ukutani.

Nyaya zenyewe, chukua zile za mashine ya kuchomelea. Zina nyuzi nyingi laini, zinakunjika, na hazikatiki kwa mtikisiko. Lakini chunga sana. Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unaouzwa kama shaba tupu. Kwangua nyuzi kadhaa kwa kisu: ndani zikiwa nyeupe, rudisha. Ukiinua roli lake pia utasikia ni jepesi mno kwa unene wake. Vichwa vya nyaya vibanwe kwa mashine ya haidroli, visipigwe nyundo, kwa sababu kiungo kilichopigwa nyundo huonekana imara siku ya kwanza na kuungua msimu wa mvua. Waya wa hasi utoke kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye winchi. Usiitegemee chesisi ya trela. Rangi, kutu na bolti zilizolegea haziwezi kupitisha ampea 200. Kwenye chanya, fyuzi nzito iwe karibu kabisa na betri, kisha swichi kuu yenye ufunguo unaotoka. Ufunguo huo utoe kila unapoegesha. Sanduku la betri liwe la chuma, lifungwe kufuli, liwe na matundu ya hewa kwa kuwa betri ya risasi hutoa hidrojeni ikichajiwa, na betri ikazwe ndani isiruke.

Uwezo wa winchi sasa. Gari la kilo 1,600 lenye tairi zilizojaa upepo, likipanda mteremko wa nyuzi 15, linahitaji mvuto wa kilo 450 hivi. Wengi huishia hapo na kununua winchi ndogo. Lakini gari lililokaa miaka miwili uani kwa mtu halina tairi zilizojaa. Breki zimeshika, magurudumu yamezama kwenye udongo mweusi, na kuliburuta hivyo kunaweza kuhitaji mvuto unaokaribia uzito wake wote. Mimi huhesabu uzito wote wa gari zito kuliko yote nitakayobeba, kisha naongeza nusu yake.

Na kuna jambo ambalo kibandiko cha winchi hakisemi kwa sauti. Uwezo ule ulioandikwa ni wa safu ya kwanza ya kamba kwenye ngoma, lile duara ambalo kamba hujizungusha. Kila safu inayoongezeka juu yake hupunguza nguvu, na kufikia safu ya tatu umepoteza karibu theluthi. Kwenye trela, kamba unayovuta nje ni mita chache tu, kwa hiyo siku zote unafanya kazi na safu za juu, zilizo dhaifu. Ukiwa na kamba ya mita 26 kwa kazi ya mita nane, unajinyima nguvu uliyoilipia. Funga kamba fupi, mita 12 hadi 15. Au iache ndefu na utumie kapi: ipitishe kwenye kapi lililofungwa kwenye gari, uirudishe hadi kwenye chesisi ya trela. Nguvu inakaribia kuongezeka maradufu, mwendo unapungua kwa nusu, na motor inakula umeme kidogo. Kwa magari mazito napenda kapi kuliko winchi kubwa. Kamba yoyote ile, acha mizunguko mitano ibaki kwenye ngoma ikiwa ni ya chuma, na minane au zaidi ikiwa ni ya sintetiki, maana hiyo huteleza.

Kuifunga kwenye trela si kazi ya kubahatisha. Winchi isishikiliwe na mbao za sakafu wala bati. Tafuta bamba la chuma la milimita 8 au 10, lichomelewe kwenye vyuma viwili vikuu vya chesisi, kisha winchi ikazwe kwa bolti za gredi 8.8 au zaidi, za ukubwa uliotajwa kwenye kitabu chake. Ikae katikati kabisa, na kimo chake kikaribiane na kulabu ya kuvutia ya magari unayobeba. Ikiwa chini mno, kamba inalivuta gari kuelekea sakafuni. Ikikaa upande, kamba inajilundika pembeni mwa ngoma na kujibana.

Jambo linaloniogopesha kuliko kamba kukatika ni hili: gari linapoanza kupanda, uzito wake wote uko kwenye mkia wa trela. Mkia unashuka, shingo inapanda, na nyuma ya gari linalovuta inainuliwa. Handibreki ya magari mengi hushika magurudumu ya nyuma, yale yale yanayonyanyuka. Msafara wote unaweza kuondoka wenyewe ukiwa umesimama na rimoti mkononi. Weka miguu ya jeki chini ya mkia wa trela na kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya gari linalovuta, kisha ndipo ufungue klachi ya winchi ili kamba ivutike nje. Watoto wa mtaa hupenda kuja kutazama; waombe warudi nyuma, umbali unaozidi urefu wa kamba iliyo nje. Tandaza blanketi zito juu ya kamba, simama pembeni, na rimoti ya waya iwepo hata kama unayo ya hewani.

Gari likishafika juu, kazi ya winchi imekwisha. Breki yake haikutengenezwa kushikilia gari barabarani. Funga mikanda ya racheti kwenye magurudumu yote manne, ongeza mnyororo, halafu ulegeze kamba kidogo.

Siku ya kuipokea trela kutoka kwa fundi, nenda na mita ya volti na gari zito. Pima kwenye vichwa vya winchi wakati inavuta. Betri iliyojaa husoma 12.6 ikiwa imetulia. Kwenye winchi iliyobanwa usikubali chini ya 10.5. Ikishuka zaidi, pima kiungo kimoja kimoja huku ikiendelea kuvuta: betri hadi fyuzi, fyuzi hadi swichi, swichi hadi kontakta (ile swichi nzito inayowashwa na rimoti), kisha hasi yote. Kiungo kitakachosoma nusu volti au zaidi ndicho fundi arudie, kabla hujamlipa salio.